Kofia ya Fundi Ntundu

Shikamoo huachwa getini.

Nimeisikia leo ikitoka kinywani mwa Makoye. Bibi wa machungwa pale nje alimuuliza mbona anampita bila hata salamu, naye akajibu bila kusimama, "Bibi, shikamoo huachwa getini," na nyinyi wenzake mkacheka mpaka mkashikana mabega. Sasa mmemaliza mazoezi, mmekaa hapa mnakunywa maji, mnaniuliza mimi mlinda geti methali hiyo ilitoka wapi. Makoye, usiinamishe kichwa. Sijaanza kukugombeza.

Methali hiyo haikuletwa na upepo. Ilizaliwa hapa hapa, juu ya saruji hii mnayoichafua kwa maganda ya machungwa, mwaka ambao timu ya Nyuki ilibakiza mechi mbili ivunjwe. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe Nyamizi, aliyekuwa kocha. Kaeni vizuri basi, na anayetaka kuondoka aondoke sasa, si katikati.

Nyamizi alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Alikuwa amecheza mpira wa kikapu tangu shule, na alipoacha kucheza akaunda timu yake. Vijana aliwakusanya mmoja mmoja, huyu alimwona akiruka uzio wa shule, yule akikimbiza mbuzi wa watu. Miaka ile mwanamke kufundisha wanaume lilikuwa jambo la watu kuja kulitazama hapa Tabora, na wengi walikuja wakitumaini kumwona akianguka.

Vijana wake walikuwa na mbio. Nyinyi mnajiona mna mbio, lakini hamkuwaona wale. Ugonjwa wao ulikuwa dakika za mwisho. Wakiwa mbele kwa pointi chache na muda unakwisha, walipagawa, kila mmoja akataka kurusha yeye, mpira ukawatoka mikononi na mechi ikaenda nao. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Walipoteza hivyo mechi baada ya mechi, mpaka wakajikuta mkiani mwa ligi ya mkoa.

Kamati ya timu ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Nyuki wakishuka daraja, timu inavunjwa. Vijana wangetawanyika, na Nyamizi aliwajua mmoja mmoja, akajua na kila mmoja angetawanyikia wapi. Wawili watatu wangeishia vijiweni kabla ya masika. Jambo hilo lilimnyima usingizi na hamu ya chakula.

Ndipo akaenda mbele ya kamati na ombi lake. Alitaka kusajili wachezaji wawili wa nyuma, wale wanaopandisha mpira na kuamua uende kwa nani. Wa kwanza Mwalimu Mihambo, aliyefundisha hesabu shule ya msingi. Wa pili Fundi Ntundu, aliyekuwa akichomelea madirisha na mageti. Wote wawili waliwahi kuchezea mkoa zamani, na wote wawili walikuwa wamekwisha kuvuka miaka arobaini.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kasanda, aliguna.

"Ntundu huyu mwenye mvi kwenye ndevu? Na Mihambo? Mihambo kamfundisha mwanangu wa kwanza, na mwanangu sasa ana watoto."

"Ng'ombe hazeeki maini, mwenyekiti," Nyamizi akasema.

"Maini hayakimbii. Sisi tunataka miguu."

"Miguu tunayo, mzee wangu. Tumejaa miguu. Hatuna kichwa."

Kamati iligawanyika. Wengine walisema wazee watakalia nafasi za vijana, wengine wakasema vijana wenyewe nafasi zao wamezifanyia nini. Mwishowe Mzee Kasanda alikubali, lakini alikubali kwa namna yake. "Wasajili," akasema. "Ila timu ikishuka na wazee hao ndani yake, hatutasema ni bahati mbaya. Tutasema Nyamizi aliizika kwa mikono yake mwenyewe. Umenisikia?" Nyamizi akajibu kuwa amesikia.

Mazoezi ya kwanza yalimtia moyo. Wazee hawakuwa na mbio, hilo lilionekana mapema, lakini Mwalimu Mihambo alikuwa hanyang'anyiki mpira hata umwekee mbwa. Na Ntundu alikuwa na jicho. Alikuwa akitoa pasi pahali pasipo na mtu, kisha mtu anafika pale na mpira unafika naye. Nyamizi alitazama akajisemea kwamba labda, labda tu, Mungu amemsikia.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Sote tuliliona, na sote tuliliita adabu.

Kila jioni vijana walijipanga hapa getini wazee wakiingia. "Shikamoo Mwalimu. Shikamoo baba." Nusu yao Mihambo aliwahi kuwachapa viboko kwa sababu ya hesabu za kugawanya, na bado walikuwa wakimwona wanaficha mikono. Hiyo ni nafuu. Kubwa lilikuwa la Shija.

Shija ndiye aliyekuwa mchezesha timu kabla ya wazee kuja, kijana mwepesi, mwenye akili ya mchezo kuliko wenzake wote. Na Shija alikuwa amemposa Kabula, binti wa Ntundu. Mshenga alikwenda, posa ikapokewa, harusi ilikuwa ikingoja mavuno tu. Na mkwe ni mkwe, jamani. Kijana hamgusi baba mkwe, hamzibii njia, hatangulii mbele yake, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake chooni. Sasa Nyamizi alipomwambia Shija amkabe Ntundu mazoezini, Shija alisimama mbali naye, mikono nyuma, kama anayesubiri kutumwa dukani. Watu pembeni walicheka, wakamsifu. "Mtoto kalelewa huyo," walisema. Na Nyamizi naye alitabasamu.

Tabasamu hilo lilimtoka siku ya mechi ya Nzega.

Mechi ile walicheza vizuri mpaka dakika ya mwisho, na dakika ya mwisho waliingia wakiwa mbele kwa pointi moja. Ntundu alikuwa amechoka. Nyamizi alimwona kashika magoti, kifua kinapanda na kushuka. Akainuka kwenye benchi ili amtoe. Kinywa kikafunguka. Kisha akakaa tena. Angemwambiaje mtu yule "toka," mbele ya watu wote, wakati amekuwa akimwamkia tangu alipokuwa msichana wa shule?

Mara Shija akapora mpira, akakimbia nao peke yake mpaka chini ya kikapu cha Nzega. Mbele yake hakuna mtu. Nyuma yake Ntundu akapiga makofi kumhimiza amalize. Shija akayasikia makofi ya baba mkwe, akadhani anaitwa, akasimama. Akageuka. Akampa mpira kwa mikono miwili, polepole, namna unavyompa mkubwa kikombe cha maji. Kijana wa Nzega akapita katikati yao, akauchukua ule mpira, na kabla ya filimbi Nzega wakawa wamefunga.

Walirudi Tabora hakuna aliyemtazama mwenzake. Ikawa imebaki mechi moja, hapa nyumbani, Jumamosi, na timu ya Urambo. Urambo walikuwa wa tatu kwenye ligi. Nyuki wakishinda wanabaki, wakishindwa wanavunjwa.

Mzee Kasanda alimfuata Nyamizi nyumbani, akakataa hata kiti. "Waache wazee nje," akasema. "Kama ni kufa, tufe na vijana wetu." Alipoondoka tu akaja Shija. Huyo naye alikataa kiti.

"Kocha, nitoe mimi," Shija akasema. "Siwezi kucheza na baba mkwe. Kila nikigusa mpira namwona yeye kwanza, hata kikapu sikioni. Na kama nikimkosea mbele za watu, nikamkosa Kabula? Timu nitapata nyingine. Kabula ni mmoja."

"Timu nyingine utaipata wapi, Shija?"

Kisha Nyamizi akamwambia aende, atamwita.

Siku ile Nyamizi alikuwa na njia rahisi mbele yake, na aliijua. Angewaacha wazee nje, angeshindwa kwa heshima, na lawama ingegawanywa kwa wote. Alijifunga khanga akatoka kwenda kumwambia Ntundu hivyo. Njiani alikuwa akipanga maneno ya kumwambia, namna ya kuanza na namna ya kumshukuru, na alipofika kwenye karakana yale maneno yote yalikuwa yamekwisha kumpotea.

Ntundu alikuwa akichomelea dirisha. Alipomwona akazima mashine, akavua miwani yake myeusi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kuniambia nisije Jumamosi."

"Sijui nimekuja kukuambia nini," Nyamizi akasema, na huo ulikuwa ukweli. "Kaka, kule Nzega nilikuona umechoka. Nilitaka kukutoa."

"Nami nilikuwa naomba unitoe. Macho yalikuwa yanaona nyota. Mbona hukunitoa?"

"Niliona haya."

Nyamizi alidhani atacheka. Hakucheka, alikasirika, na Nyamizi alikuwa hajawahi kumwona amekasirika.

"Wewe umeniona haya. Shija kaniona haya, kanipa mpira kama ananinawisha mikono. Yule kijana mwenzake Shija, Msavya, aliniona nimesimama vibaya, akanionea huruma, akanyamaza. Basi mlinisajili nije niheshimiwe? Heshima ninayo kwangu, Nyamizi, na chai yake juu. Mimi nilikuja kucheza!"

"Ni vijana wako, kaka. Wanakuogopa."

"Hawaniogopi. Wananihurumia, halafu wanaiita adabu." Akachukua miwani yake, akaifuta kwa kitambaa muda mrefu. "Shija anataka kujitoa?"

Nyamizi akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie kesho aje mazoezini," Ntundu akasema. "Waambie waje wote. Na wewe usimwache mtu nje mpaka nimesema neno langu."

Kesho yake tulijaa hapa getini. Geti hili hili, alilolichomelea Ntundu mwenyewe. Vijana walijipanga kama kawaida yao, na Ntundu akaja na Mwalimu Mihambo. Ntundu alikuwa amevaa kofia yake ya kushonwa kwa mkono, ile nyeupe aliyokuwa haivui popote: msikitini haivui, nyumbani haivui, kazini ndiyo anaigeuza mbele nyuma. Wakaamkia, akaitikia. Kisha akavua kofia, akaitundika hapo kwenye ncha ya nguzo. Ndiyo, hapo hapo unapotazama.

"Mnaiona?" akasema. "Ubaba wangu, ukwe wangu na mvi zangu vimo humo ndani ya kofia. Vinabaki hapa. Nikipita hapa naingia Ntundu mtupu. Nikisimama vibaya, niambieni. Nikichelewa, nifokeeni. Mpira ukinizidi, niiteni jina. Nikitoka nitavaa kofia yangu, na kila mmoja atakuta shikamoo yake hapa hapa alipoiacha. Haitaibwa. Huyu mlinda geti yupo."

Mwalimu Mihambo akasema naye ni hivyo hivyo, na aliyewahi kuchapwa naye ana ruhusa ya kumfokea mara mbili. Watu wakacheka. Shija hakucheka. Alikuwa akiitazama kofia.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Ulimi una uzito wake. Jioni nzima nilisikia vijana wakisema, "Samahani Mwalimu, naomba mpira," na mpaka mtu amalize kuomba samahani mpira umekwisha kwenda. Wachache walianza kuthubutu. Shija hakufungua kinywa kabisa. Nyamizi alikwenda nyumbani hajui kama ameokoa timu au ameongeza aibu juu ya msiba.

Jumamosi ikafika. Mji mzima ulikuja, na kila mtu alijua kilichopo. Mke wa Ntundu alikaa safu ya mbele, na Kabula pembeni yake. Kofia ilikuwa juu ya nguzo. Mzee Kasanda alipita chini yake bila kuitazama.

Urambo walikuja na vijana warefu, wenye viwiko. Robo ya kwanza na ya pili Nyuki waliwashika kwa akili za wazee. Mihambo alipoza mchezo kila Urambo walipotaka kuuchangamsha, na jukwaa likaanza kuamini. Robo ya tatu Mihambo akabanwa na msuli wa paja, akatolewa akichechemea. Urambo wakasogea, wakasawazisha, wakapita.

Robo ya nne Nyamizi akamwona Ntundu kashika magoti.

Ilikuwa Nzega ile ile. Kifua kile kile kinapanda na kushuka. Nyamizi akainuka. Nyuma yake akasikia Mzee Kasanda akimwambia mtu, "Si nilisema?" Aliniambia baadaye kwamba alimtafuta Ntundu mchezaji asimwone, alimwona kaka aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi akienda shule. Ndipo akatazama kule getini, akaiona kofia.

"Ntundu!" akaita. "Toka!"

Mwanamke kamwita jina, kavu, mtu wa rika lile. Ntundu aliinua kichwa, akatoka mbio, akaketi kwenye benchi, akajifunika taulo usoni. "Ahsante, kocha," akasema kutoka ndani ya taulo. "Nirudishe mwishoni. Nitakuwa na miguu."

Dakika zile alizokaa nje zilikuwa ndefu kuliko masika. Shija alichezesha timu peke yake, na alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba, lakini Urambo hawakuachia. Zilipobaki dakika mbili Nyamizi akamrudisha Ntundu. Pointi zikawa zinafuatana, huku na kule, mpaka ikafika mahali Urambo wako mbele kwa pointi moja, mpira ni wa Nyuki, na saa inamalizikia.

Ntundu akapandisha mpira. Warefu wawili wa Urambo wakamsukumia kwenye kona ile, mnayoiona ina ufa. Wakamfunika kwa mikono. Alikuwa haoni kikapu wala haoni mtu, amegeuza mgongo kuulinda mpira, na watu wote wanapiga kelele hata hakuna sauti inayosikika peke yake.

Na chini ya kikapu, peke yake, alisimama Shija.

Nyamizi alimwona. Mikono ya Shija ilikuwa juu, tayari. Kinywa kimefungwa. Nyamizi alipiga kelele kumwambia aite, lakini kelele yake ilimezwa na za wengine. Akaona midomo ya Shija inafunguka, akasikia, au alidhani amesikia, "Ba..." Vijana tele uwanjani, mamia ya watu nje, na kila mmoja ana baba. Nani angegeuka kwa neno hilo? Shija alitazama jukwaani upande wa Kabula. Akatazama saa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayechagua.

"Ntundu!" akaita, kwa sauti iliyopasuka. "Ntundu, huku!"

Mpira ulitoka kwenye ile mikono kabla Ntundu hajageuka. Aliutupa kwenye sauti. Shija akaudaka, akauinua, akauweka. Filimbi ikalia.

Watu walivunja uzio siku ile. Ndio maana upande ule waya haufanani na wa kwingine. Walimbeba Msavya, wakambeba Mwalimu Mihambo na paja lake bovu akiwalilia wamshushe. Nyamizi alikaa kwenye benchi akalia, bila kujificha, timu yake iko hai. Lakini alipofuta macho aliona mambo mawili. Mke wa Ntundu alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga, hasherehekei. Na Shija alikuwa ameketi chini ya kikapu, anafungua kamba za raba, anazifunga, anazifungua tena.

Nyamizi akamwendea. "Inuka twende."

"Siwezi kupita pale, kocha."

Getini Ntundu alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake. Alisimama katikati ya njia, mikono nyuma, anatazama ndani. Watu walioanza kutoka walimkwepa pembeni, na waliomkwepa hawakwenda mbali. Mzee Kasanda alikuwa karibu naye akisema, wala hakujali anasikika, "Kushinda tumeshinda. Lakini mkwe kuitwa jina mbele ya mji mzima! Uchumba gani tena hapo?" Kabula alisimama nyuma ya mama yake. Alikuwa akinitazama mimi, kama vile mimi mlinda geti ningeweza kufungua kitu.

Shija akaja. Nyamizi alitembea naye mpaka hatua za mwisho, akamwacha. Kijana akasimama upande wa ndani, baba mkwe upande wa nje. Nami nimeshika geti.

Shija akavuka. Akainama.

"Shikamoo, baba."

Ntundu hakuitikia.

"Mle ndani uliniita nani?"

"Ntundu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ya kwanza niliisikia," Ntundu akasema. "Ya pili ulikuwa unapoteza muda."

Halafu akamwekea mkono kichwani. Sauti ikamgeuka. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Ungeniita Nzega, tusingefika huku roho zikiwa mkononi."

Mke wake alitoa kigelegele kilichoanzia chini ya khanga. Mzee Kasanda akafungua kinywa, na Ntundu akamgeukia kabla hajasema.

"Shikamoo huachwa getini, mwenyekiti. Si kutupwa. Umeona mwenyewe, kijana ameikuta alipoiacha."

Basi. Timu haikuvunjwa, na ndiyo maana nyinyi leo mna pa kuchafulia. Nyamizi aliifundisha mpaka magoti yakakataa. Ntundu alicheza msimu mmoja mwingine, akafokewa na kila mtu, akanenepa kwa furaha. Harusi ilifanyika baada ya mavuno, na mimi nilikula pilau mpaka nikaaibika.

Tangu siku ile mji mzima unaisema. Fundi na mwanafunzi wake wakiwa juu ya paa, kijana akiona ubao unateleza hangojei kuomba samahani. Anapiga kelele, kisha wakishuka chini anaamkia. Ndivyo ilivyo. Unamwachia mkubwa heshima yake getini kwa sababu unamheshimu kiasi cha kutomdanganya, naye anakuachia kwa sababu hataki umhurumie. Na wote wawili mnajua kwamba mtarudi kuichukua.

Makoye, wewe asubuhi uliisema ukiwa bado nje. Hukuwa umeiacha, maana hukuwa umeitoa. Mtu hawezi kuacha asichokuja nacho.

Na yule bibi wa machungwa uliyempita, akakutazama asiseme neno, akamenya chungwa lake. Unajua kwa nini hakukujibu? Methali hiyo hawezi kufundishwa na wewe. Alikuwepo. Alisimama hapo nyuma ya mama yake, akinitazama mimi, akingoja kuona kama atampata Shija au atamkosa kwa jina moja. Jina lake ni Kabula binti Ntundu.

Haya, inukeni. Mazoezi yamekwisha, geti liko wazi, na bibi bado yuko pale nje. Makoye, tangulia wewe.

Shikamoo huachwa getini.